Uji wa Kaluki

Mbula wa Ndululu hakuwahi kununua chumvi bila kuionja. Alipoingia dukani pale Kikima alichovya kidole kwenye gunia, akakipeleka ulimini, kisha akamkazia macho mwenye duka mpaka maskini yule akaanza kujishuku mwenyewe. Aliishuku mizani ya kahawa, akaishuku redio, na mchungaji aliposema "tufumbe macho tuombe", yeye alifumba moja. Watu walimcheka, lakini hakuna aliyethubutu kumwuzia maharagwe yenye mawe. Kuwa jirani ya mtu kama huyo si vibaya. Kazi ilikuwa kuwa mkaza mwana wake, na kazi hiyo ilimwangukia Kaluki.

Lakini tusimwonee. Alipokuwa msichana, enzi za Wazungu, watu wa Mbooni, milimani Ukambani, walilazimishwa kuchimba matuta kwenye mashamba yao wenyewe huku askari amesimama, na wazee wakanong'ona kwamba shamba likishachimbwa vizuri litachukuliwa. Halikuchukuliwa. Baada ya uhuru aliyachimba matuta yale yale kwa hiari yake, pamoja na wanawake wenzake wa mwethya, kile chama cha kusaidiana kazi, wakiimba kutoka shamba hadi shamba mpaka mteremko wote chini ya Kikima ukashikika kwa mikono yao. Hata hivyo ule mnong'ono haukumtoka. Jambo jema likimjia, aliuliza kwanza limetumwa na nani.

Halafu kukawa na kifo cha mumewe. Ndululu alipimwa presha miaka ya themanini kwenye zahanati ndogo iliyokuwa njia ya kwenda sokoni. Muuguzi wa wakati huo alikuwa Bi Halima, mama mtaratibu wa ukoo wa Kiislamu uliohamia Kitui kutoka pwani zamani, naye alimwambia kwa upole: "Mzee, chukua mia, ongeza miaka yako. Hiyo ndiyo presha yako. Yako imezidi kidogo tu, haina neno." Hakuwa mwongo. Ndivyo alivyofundishwa, na madaktari wengi waliomzidi cheo waliamini hivyo hivyo, kwamba mzee ana haki ya presha ya kizee. Ndululu alifurahi, akarudi nyumbani na miaka yake sabini na ushei na presha yake ya mia na tisini. Kabla mwaka haujaisha alianguka kwenye kiwanda cha kahawa, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukafa. Alilala msimu mmoja wa mvua, kisha akazikwa.

Mbula akabaki na swali lake. Kama presha haikuwa na neno, basi nani alimuua Ndululu? Wapo waliosema ni kurogwa. Yeye alikuwa mtu wa kanisa na maneno hayo hakuyasema kwa sauti, ila hakuyatupa pia. Aliyaweka, kama mtu anavyoweka kipande cha kamba akijua siku moja kitatumika.

Mwaka wa tisini na tatu zahanati ikapata kijana mpya, Jonah, aliyekuwa ametoka chuoni na koti lake bado lina mikunjo ya kiwandani. Kwa cheo hakuwa daktari kamili, lakini mlimani mtu akivaa koti jeupe na kukuchoma sindano ni daktari, basi. Alimpima Mbula, akatikisa kichwa.

"Susu, presha yako iko juu sana," alisema, akimwita nyanya kwa Kikamba kama kijana mwenye adabu.

"Mia ongeza miaka," Mbula akamjibu. "Mimi nina sabini na kitu. Hesabu mwenyewe."

"Hiyo hesabu ni ya zamani, susu. Hiyo ndiyo inaua wazee. Sisi tunataka mia na ishirini kwa themanini."

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya mtu mwenye afya."

"Wewe yako ni ngapi?"

"Hiyo hiyo, mia na ishirini."

"Na uko na miaka ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Kwa hivyo unataka kunipa presha yako," Mbula alisema. Jonah akacheka. Mbula hakucheka, kwa sababu hakuwa amefanya mzaha. Ilikuwa shuku yake bora kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na laiti angeishikilia hiyo, hadithi hii isingekuwapo. Lakini alimkumbuka Ndululu na mdomo wake uliopinda, hofu ikamshinda, akapokea vidonge. Akaambiwa ameze kila asubuhi, na asimeze tumbo likiwa tupu hata siku moja. Anywe uji kwanza.

Sasa, mtu mwenye shuku akishakubali kitu hukikubali kuliko sisi wengine. Mbula alivifunga vidonge vyake kwenye ncha ya leso, mahali alipofunga kila kitu ambacho hakutaka kiguswe, na akavimeza kila siku baada ya uji kama mtu anayesali.

Kila mwezi alirudi kupimwa, na kila mara siku ya soko. Nani atapanda mlima ule mikono mitupu? Mwanamke wa Mbooni akipanda bila mzigo watu huuliza kama amefiwa. Basi Mbula alijitwisha ndizi mgongoni, kamba ya ngozi, ule mukwa, imekaza kwenye paji la uso, akapanda na rafiki yake Mutindi mpaka karibu na zahanati. Hapo aliutua mzigo kando ya barabara, akamwachia Mutindi aulinde. Walikuwa marafiki tangu siku za mwethya, lakini Mbula alijua pia kwamba Mutindi anapenda ndizi. Kwa hiyo aliingia mbio, jasho likimtiririka, akanyoosha mkono na kusema, "Haraka, kijana, kuna mtu ananingoja." Jonah alifunga mpira, akapuliza, akasikiliza, akashtuka. Mia na themanini na tano. Mwezi uliofuata vile vile. Kijana akaona dawa haimwezi mama huyu, akaongeza. Vile vyeupe vikafuatwa na vya manjano, asubuhi moja, uji mmoja.

Hapo ndipo giza lilipoanza.

Mara ya kwanza alikuwa kwenye tuta la pili, ameinama kwenye maharagwe. Aliposimama, dunia ilimzimikia kama taa iliyoishiwa mafuta, akajikuta amekaa chini na jembe limemlalia miguuni. Siku nyingine ilikuwa mtoni, alipoinuka na mtungi. Halafu mlangoni, akitoka tu. Jioni hakuumwa na kitu. Mchana alikuwa mzima. Ni asubuhi tu, na baada ya kufikiri kwa bidii, bidii ambayo angeweza kuitumia kwenye jambo jingine, Mbula aligundua kwamba ni asubuhi baada ya uji.

Uji huo ulipikwa na Kaluki. Musembi, mwana wa Mbula na fundi wa magari mjini Machakos, alimwoa Kaluki kutoka Migwani, ng'ambo huko Kitui. Watu wa Mbooni husema watu wa Kitui wana dawa kali, na watu wa Kitui husema hivyo hivyo juu ya watu wa Mbooni, na hakuna upande ulioonyesha chupa. Kaluki alikuwa mchapakazi, safi, mcheshi kwa watoto, na mkimya mbele ya mama mkwe. Ukimya huo ndio Mbula alioshindwa kuumeza. Angekuwa na mdomo mchafu, wangegombana wakaelewana. Alikuwa amezaa msichana mmoja, naye kwa desturi alipewa jina la nyanya yake, kwa hiyo kulikuwa na Mbula wawili nyumbani, na yule mdogo ndiye kiumbe pekee duniani ambaye Mbula mkubwa hakuwahi kumshuku.

Alimweleza Mutindi habari ya giza. Mutindi alisonya.

"Mama Musembi, nani anakupikia?"

"Si unajua."

"Basi mimi sisemi kitu. Lakini kikulacho ki nguoni mwako."

Mbula akaikaza leso yake kifuani, fundo la vidonge likambonyea kwenye ubavu, akasema kwamba kweli, mambo ya dunia ni ya ajabu.

Hakumshtaki mtu kwa maneno matupu, maana alikuwa mwadilifu kwa namna yake. Aliamua kupima. Kaluki alipomletea uji, aliupokea, akangoja migongo igeuke, akaumwaga kwenye shina la mgomba. Vidonge navyo akaviacha kwenye fundo, kwa sababu daktari alisema asimeze bila uji, na amri ya daktari ni amri. Saa nne alikwenda kwa Mutindi akala viazi vitamu. Siku hiyo hakuona giza. Kesho yake tena hakuona giza. Juma zima aliinama na kuinuka kama msichana, akabeba maji, akalima tuta zima, na kila aliposimama wima bila kuyumba moyo wake uliingia baridi zaidi. Siku ya Jumapili akaunywa uji wa Kaluki, akameza vidonge vyake kwa utiifu, akaanguka akiwa anafunga viatu vya kanisani.

Ushahidi gani tena mtu atataka? Mimi nawe tunaona kilichokaa wazi, lakini sisi hatukuwa tumelala chini na kiatu kimoja, tukimwona mkaza mwana anakuja mbio na uso wa huruma. Huruma ile ndiyo iliyomtisha Mbula zaidi. Aliona jinsi inavyofanana na huruma ya kweli.

Kuanzia kesho yake akarudia kuumwaga uji na kuviacha vidonge kwenye fundo, na siku ya soko akapanda tena na ndizi zake. Presha ilikuwa imepanda kuliko siku zote.

"Unameza dawa, susu?" Jonah aliuliza.

"Nameza," akasema Mbula. Hakutaka kumwambia kijana wa watu aibu ya nyumba yake. Jonah akaamini, akaongeza vile vya manjano mara mbili.

Musembi akaitwa kutoka Machakos. Alikuja Jumamosi, akakuta uani kumepangwa viti. Mutindi alikuwapo, na mumewe ambaye alikuwa mzee wa kanisa, na Kaluki ameketi kwenye kigoda, Mbula mdogo amelala pajani. Musembi alikuwa mwanamume mpole mwenye mikono mikubwa, mtu wa kutengeneza gia za lori kwa macho yaliyofumbwa, lakini mbele ya mamake alikuwa mtoto wa darasa la pili.

Mbula alisema yote. Alisema uji, mgomba, viazi, kiatu. Alisema vizuri, kwa mpangilio.

"Sitaki kesi," alimalizia. "Mimi nataka arudi kwao Migwani. Nyumba hii ilishazika mtu mmoja bila kujua amekufa na nini. Mimi sitazikwa hivyo."

Kaluki aliinua kichwa. "Mwaitu," alisema, akimwita mama kama alivyomwita siku zote, "nimekukosea nini?"

"Hiyo ndiyo nangoja uniambie."

"Basi kama ni kithitu, leteni. Nitaapa."

Watu wakashtuka. Kithitu ni kiapo cha kale cha Wakamba, na anayekiapa kwa uongo hufa yeye na nyumba yake. Mzee wa kanisa alisimama akasema jina hilo lisitajwe tena kwenye nyumba ya waumini. Kaluki naye akasimama, akamlaza mtoto kwenye mkeka.

"Basi kama hamtaki niape, nitapika. Hapa, mkiniangalia."

Akatoa mafiga nje, akawasha moto, akakoroga unga wa wimbi mbele ya macho yao wote. Uji ulipoiva aliumimina kwenye kibuyu kimoja, akakishika kwa mikono miwili, akanywa yeye kwanza. Ukambani mtu akikukaribisha kinywaji hukionja kwanza, ujue ni safi. Hivyo hufanyiwa mgeni. Watu wa nyumba moja hawaonjeani, na mke akimwonjea mama mkwe wake hadharani ni sawa na kusema kwamba hapa hatujuani. Kaluki alikunywa hadi nusu, akafuta ukingo kwa kiganja, akampa Mbula.

Mbula hakuwa mwoga. Aliunywa wote. Kisha, kwa kuwa ilikuwa bado asubuhi na alikuwa amekunywa uji, alifungua fundo la leso, akatoa vidonge, vyeupe na vile vya manjano vilivyoongezwa, akavimeza mbele ya watu wote. Hakuna aliyeviangalia. Wote walikuwa wanamwangalia Kaluki.

Wakangoja. Mzee wa kanisa alisoma zaburi, kisha akaomba, na maombi yake hayakuwa mafupi. Kaluki alikaa mzima. Mbula alikaa mzima. Musembi akaanza kupumua. Mwisho mzee akasema tusimame kwa baraka, na Mbula aliposimama akadondoka mzima mzima, kichwa kikagonga mguu wa kiti na damu ikatoka juu ya jicho.

Kelele zilipotulia, Musembi alimtazama mkewe ambaye alikuwa amekunywa uji ule ule na hana kitu. Ungefikiri hilo lingetosha.

"Ameshakula dawa yake ya kuzuia," Mutindi alinong'ona. "Si ndiyo sababu alitaka kuonja?"

Ndivyo shuku ilivyo. Ukikataa, umeficha. Ukikubali, umekiri. Ukinywa, umejikinga. Kaluki alimtazama mumewe, akangoja neno moja kutoka kwake, na Musembi akaangalia chini, kwenye mikono yake mikubwa. Alikuwa na aibu, na aibu yake haikumsaidia mtu. Kaluki hakulia. Aliingia ndani, akafunga nguo zake kwenye shuka, akamfunga mtoto mgongoni, akateremka njia ya Mukuyuni kwenda kutafuta basi.

Kupata pikapu kuliwachukua mchana kutwa. Walifika zahanati jioni. Jonah alishona jeraha, akampima mgonjwa akiwa amelala, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Leo presha ni nzuri, susu. Dawa imeanza kukubali. Umeanguka kwa njaa tu." Akamlaza hapo kwa usiku mmoja, Musembi akabaki naye.

Mbula alilala vizuri. Alikuwa mbali na uji wa Kaluki.

Asubuhi mpishi wa zahanati alimletea uji wa mahindi kwenye kikombe cha bati. Alikunywa. Muuguzi akampa vidonge vyake. Akameza. Baada ya muda alitaka kwenda msalani, akashusha miguu kitandani, akasimama, na giza likaja pale pale, lile lile alilolijua. Jonah alimdaka kabla hajagonga sakafu.

Alipozinduka, wazo la kwanza lililomjia, na tusimfiche, ni kwamba Kaluki amemhonga mpishi. Alilishika wazo hilo, akaligeuza huku na huku. Kaluki alikuwa Migwani. Mpishi alikuwa mzee mwenye kigugumizi asiyejua hata Kaluki ni nani. Uji ulikuwa wa mahindi wala si wa wimbi. Mbula alitafuta mtu wa kushuku, akatafuta tena, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakupata mtu.

Jonah alikuwa ameshamfunga mpira. Akampima amelala, akampima ameketi, akajaribu kumpima amesimama huku Musembi amemshika makwapa. Uso wa kijana ulibadilika rangi.

"Themanini na tano," alisema polepole. "Akisimama ni themanini na tano. Susu, kila ukija hapa ni mia na themanini. Inakuwaje?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye daktari."

"Ukija hapa siku ya soko, unatoka wapi?"

"Nyumbani. Na ndizi."

"Ndizi gani?"

Ikabidi amweleze habari ya mlima na mukwa na mzigo na Mutindi aliyeachwa barabarani na tamaa yake ya ndizi. Jonah akaketi kwenye ukingo wa kitanda kama mtu aliyevunjika kiuno.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Na ile wiki ilipanda kabisa, ulikuwa unameza?"

Mbula akasema, "Sikuwa nameza. Nilikuwa namwaga uji."

Musembi alikuwa dirishani. Alielewa kabla ya mamake kumaliza kusema, na akatoka nje.

Kijana Jonah hakukimbia kosa lake, na kwa hilo namheshimu. Alimweka Mbula pale siku chache, akakata vya manjano vyote, akabakiza kile cheupe kimoja. Kila asubuhi alimketisha kimya kwenye benchi kwanza, kisha ndipo akampima, amekaa na amesimama. Presha ikapanda kidogo, ikatulia kwenye mia na hamsini hivi.

"Nilikuwa nakimbiza presha ya kijana ndani ya mwili wako," alimwambia. "Ile ya Bi Halima ilikuwa ya kumwacha mzee afe na kiharusi. Hii yangu ilikuwa ya kukuangusha. Wewe ikikaa kwa mia na hamsini, hata mia na arobaini, tumeshinda. Chini ya hapo sitaki. Na ukija hapa, susu, tua mzigo, keti, pumzika. Hizo ndizi hakuna mtu atakula."

"Hiyo utamwambia Mutindi," alisema Mbula, lakini hakukuwa na moto ndani yake.

Kwa hiyo sasa alijua kilichomuua Ndululu, na alijua pia kwamba nyumbani kwake hapakuwa na mchawi yeyote. Kulikuwa na mwanamke kijana aliyeamka gizani kila siku kumkorogea uji. Alilia usiku huo kwa sauti ndogo, uso ukutani. Jina lake mwenyewe lilikuwa limeondoka mlimani likiwa limefungwa kwenye mgongo wa Kaluki.

Walikwenda Migwani, yeye na Musembi na mbuzi mmoja jike. Baba yake Kaluki, mzee Kivuva, aliwapokea kwa heshima ile ambayo ni baridi kuliko matusi. Mbula mdogo alipomwona nyanya yake alijificha nyuma ya sketi ya mamake. Mbula alikuwa ametunga maneno njia nzima, akayasahau yote.

"Kaluki," alisema, "hukuwa na kosa lolote. Ni dawa yangu mwenyewe, nilikuwa naimeza kwa mkono wangu. Nimekutia aibu mbele ya watu. Nakuomba unisamehe."

Musembi naye alisema yake, na alisema amepiga magoti, jambo ambalo wanaume wa Migwani hawakupenda kulitazama. Kaluki alisikiliza bila kukatiza. Mbuzi akapokewa. Baada ya mwezi alirudi Mbooni na mtoto wake, na watu wa kanisa wakasema Bwana asifiwe, yameisha.

Hayakuwa yameisha. Asubuhi ya kwanza Kaluki alipika uji, akaumimina kwenye kikombe, akaja nao mpaka kwa mama mkwe wake. Akasimama. Akanywa funda moja yeye kwanza, akafuta ukingo kwa kiganja, ndipo akampa. Kesho yake akafanya hivyo hivyo. Hakununa, hakukunja uso, aliuliza mama ameamkaje na kichwa kinaendeleaje. Lakini hakumpa chochote cha kunywa bila kukionja, hata maji, na vidonge hakuvigusa kamwe. Kile kidonge cheupe kilipoanguka chini siku moja, alimwita jirani aje akiokote.

Mbula alikuwa amezoea kushuku. Kushukiwa hakukuzoea. Sasa yeye ndiye aliyekuwa hatari ya nyumba, mtu wa kufanyiwa mambo mbele ya mashahidi. Angeweza kusema "acha kuonja, mwanangu", lakini kila alipofungua mdomo aliuona ule uani na vile viti, akaufunga. Mvua za mwisho wa mwaka zilinyesha zikaisha. Presha yake ilikuwa nzuri kila mwezi, Jonah akamsifu, na kila asubuhi alipewa uji uliopungua funda moja. Funda hilo lilimuuma kuliko giza.

Asubuhi moja ya Januari alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mafiga. Hakuwa amepanga kitu. Kaluki alimimina uji, ukiwa bado unachemka, akainua kikombe kuelekea mdomoni mwake. Mbula akanyoosha mkono akakipokonya. Akanywa. Uji ulimwunguza ulimi, ukamwunguza koo, machozi yakamtoka, naye akaendelea kunywa, funda la pili, la tatu, huku uji ukimchuruzika kwenye leso.

"Mwaitu, ni moto!" Kaluki alipiga kelele. "Mwaitu, utaungua!"

Mbula hakuweza kujibu, ulimi wake ulikuwa umekufa. Alitikisa kichwa tu na kukikumbatia kile kikombe kama mtoto aliyeiba. Kaluki alipiga magoti mbele yake, akamfumbua vidole kimoja kimoja, taratibu, mpaka kikombe kikatoka. Kisha akauchukua ule uji uliobaki, akaumimina kwenye bakuli, akaurudisha kwenye kikombe, akaumimina tena bakulini, akiupoza, huku na huku, mpaka mvuke ukaisha.

Akampa bila kuonja.